Mawe Yaliyovaa Ngozi

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika na mpaka sasa haijakata. Si ya kishindo, ni ile nyembamba inayomlowesha mtu bila yeye kujua. Upepo unatoka upande wa ziwa, na wapita njia wanasema maji yamepanda tena, yameingia kwenye mihogo ya watu wa chini. Hilo ndilo limenifanya nishike kalamu. Ninyi vijana wa kikundi cha waashi hapa Funyula mliniomba zamani niandike habari za kazi ya chokaa, nami nikawa naahirisha. Shule niliishia darasa la nne. Mkikuta neno limekaa upande, liinueni wenyewe.

Ninyi chokaa mnaijua ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi. Mnakata mfuko, mnakoroga, mnapaka, kazi imekwisha. Sisi tuliitoa majini. Si kwenye ziwa kubwa hili mnalolijua, bali katika lile lililokuwa nyuma ya tuta la mchanga, ambalo tuliliita Ziwa Dogo tu, maana hatukuwa watu wa kutafuta majina. Maji yake yalikuwa ya magadi, mazito ulimini. Ng'ombe waliyapenda na samaki waliyakataa. Nasema hivi mkumbuke baadaye: hapakuwa na samaki hata mmoja mle, wala konokono, wala matete.

Kilichokuwamo ni mawe. Yalikaa pembeni, kwenye maji yasiyopita goti, mviringo kama kabichi zilizopangwa sokoni. Na kila jiwe lilivaa ngozi. Sijui niwaelezeje. Chemsheni maziwa, myaache yapoe, mtazame ule utando wa juu. Sasa ufanyeni mzito kama kitambaa cha sweta, kijani juu, na ukiuchana kwa ukucha chini yake ni rangi ya zambarau, na chini zaidi ni weusi wenye harufu ya yai lililooza. Hiyo ndiyo ngozi. Mtu mgeni akiikanyaga anaanguka. Mimi nilianguka siku ya kwanza, na gauni la harusi ndilo nililokuwa nalo.

Niliolewa kwa Wandera, aliyekuwa turniboi, yaani utingo, wa lori la kutoka Malaba, lori lililokwenda Kampala likirudi likienda tena. Mume wangu nilimwona kwa nadra kuliko mvua ya Januari. Aliyekuwa na kazi ya chokaa ni baba yake, Mzee Egesa, na kwa kuwa Wandera hakutaka kuirithi, nikaipokea mimi. Hapo ndipo palipokuwa na shida, maana kwetu Wasamia mkwe ni mkwe. Mwanamke hasemi na baba wa mume wake uso kwa uso, hampi kitu mkononi, hakai anapokaa yeye, na mzee naye halitaji jina lake. Sasa mtu atafundishwaje kazi ya moto na mwalimu asiyeruhusiwa kumwambia neno?

Mzee alikuwa na mbwa wake, Simba. Basi akawa anamwambia mbwa.

"Simba, mwambie mke wa Wandera kuni mbichi zisikae chini, zitatoa moshi tupu."

Nami najibu, nikimtazama mbwa, "Simba, mwambie Mzee nimesikia."

Simba alikaa katikati yetu akigeuza kichwa huku na huku kama karani wa baraza. Kazi yote niliyoijua nilipitishiwa na mbwa yule. Siku moja tanuri lilikuwa limewaka vizuri, na tanuri letu lilikuwa shimo kwenye mteremko, safu ya kuni, safu ya mawe, mpaka juu. Upande mmoja ukaanza kubomoka, na Simba akaona sungura, akaondoka. Mzee akabaki amefungua mdomo. Alimwita, akapiga mluzi, mbwa hayupo. Mwishowe akaligeukia karai la chuma.

"Karai, mwambie huyo mama aondoke hapo kabla hajaokwa."

Niliondoka. Tanuri likamwagika pale nilipokuwa nimesimama. Tangu siku ile, kila Simba alipokuwa mbali, karai lilishika zamu.

Kupitia kwa hao wawili nilijifunza kwamba jiwe lililoiva huwa jepesi mkononi, na ukilinyunyizia maji hulia, kisha hupasuka na kufunguka lenyewe kama ua. Nilijifunza kwamba chokaa iliyotoka motoni haijafa. Inataka kuzimwa kwa maji, na maji hayo huchemka bila kuni. Usiinamie pipa. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi, na ukidhani yametosha, ongeza. Wenzetu wengine walitia mafuta au maziwa ya mama anayenyonyesha. Sitaki kuwadharau waliofanya hivyo, lakini niliowaona wakipona ni wale wa maji.

Somo kubwa la Mzee lilikuwa moja, na alimwambia mbwa mara nyingi mno: jiwe lililo majini halikatwi. Kiangazi kikiwa kikali maji yalirudi nyuma, mawe ya ukingoni yakabaki juani, ngozi yake ikakauka na kujikunja kama karatasi. Hayo ndiyo tuliyovuna. "Yale mengine bado yanakula," alisema. Kabla ya kuligonga jiwe alilipitishia kidole, akakitia ulimini. Likiwa na utelezi na chumvi, aliliacha. Likiwa kavu, alishika nyundo.

Ukilipasua, ndani unaona mistari, mweupe, wa kijivu, mweupe, wa kijivu, myembamba kama maganda ya kitunguu kilichokatwa. Mzee alisema kila mstari ni mlo mmoja wa jiwe. Aliamini pia kwamba jiwe lina mzizi chini, kama kiazi kikuu, na ndio unaolisukuma juu. Mjukuu wangu aliyesomea mambo ya viumbe ananiambia mzizi haukuwapo. Anasema ile ngozi ni viumbe wadogo wasioonekana, wengi kuliko watu wa dunia, wanaokula mwanga wa jua kama majani yanavyofanya. Wakila, wanavuta hewa fulani kutoka majini, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka humo inakosa pa kujishikilia, inatua juu yao, kama ukoko mweupe unavyoganda ndani ya birika. Tena wana ute, kwa hiyo vumbi na chembe za tope hunasa. Wakishafunikwa, wanapanda juu kutafuta jua, na walipokuwa wanalala panageuka jiwe. Kila mara wanahamia juu ya paa lao wenyewe. Kwa haki niseme hivi: Mzee alikosea juu ya mzizi, na hakukosea juu ya kula. Au pengine mimi ndiye niliyemwelewa vibaya mjukuu. Muulizeni mwenyewe.

Zikaja zile mvua kubwa za miaka ya sitini mwanzoni. Wenye umri wangu wanazijua. Ilinyesha mpaka kuku wakasahau kushuka kutoka darini. Ziwa kubwa likaanza kupanda, na halikushuka kiangazi kilipofika. Likapanda tena mwaka uliofuata.

Wakati huo huo Uhuru ulikuwa unakaribia, na kila mtu alitaka weupe. Maduka ya Busia yapakwe, mawe ya kando ya barabara yapakwe, miti ipakwe hadi kiunoni. Nilipanda lori la kina Wandera na magunia yangu hadi Malaba. Nilishuka nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi vidole, na maturniboi walikuwa wakiningoja.

"Mzungu wa Samia amefika! Boss, pasipoti iko wapi?"

"Nimeiacha Uganda kwa mama yako," niliwajibu, "alikuwa anaisoma."

Walicheka mpaka dereva akatoka kuona kuna nini. Mwenye duka mmoja akaniambia, "Mama, leta ingine kama hii, leta mingi, hii nyeupe yake imeshinda ya Tororo." Nikarudi nyumbani na furaha. Nilipofika, Simba alikuwa amelala mlangoni, na Mzee alikuwa amekaa akiwa ameuelekeza uso ziwani, lakini haoni.

Macho yake yalikuwa yamefifia kidogo kidogo. Watu wa Namboboto walisema ni chokaa iliyomla. Daktari wa misheni alisema ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao huwapata hata wasiowahi kugusa chokaa. Sina ujuzi wa kuamua kati yao. Ninachojua ni kwamba mwaka ule hakuweza tena kushuka ziwani, na mawe yakabaki kwangu.

"Simba, muulize mke wa Wandera: ngozi ipo?"

Kila jioni swali lilikuwa hilo. Na kila jioni nilijibu kweli, "Simba, mwambie Mzee ipo," mpaka jioni ambayo haikuwa kweli.

Maji ya ziwa kubwa yalikuwa yamevuka tuta la mchanga. Mwanzoni sikuona ubaya. Ziwa Dogo lilipanuka, likawa zuri kutazama. Kisha likawa la rangi ya chai ya maziwa. Tope likatua juu ya mawe, na ngozi ikajaribu kupanda juu ya tope, niliiona ikijaribu, vipande vya kijani vikitokeza hapa na pale. Kisha wakaja konokono. Wadogo, weusi, wasiohesabika. Magadi ndiyo yaliyokuwa yakiwazuia siku zote, na sasa maji yalikuwa matamu. Walitembea juu ya mawe kama mbuzi waliofunguliwa shambani kwa mtu, na kila walipopita palibaki jiwe tupu. Nilijaribu kuwaokota. Mnacheka, lakini nilikwenda na karai nikawaokota, na asubuhi yake nikakuta kana kwamba sikuja.

Nilimwambia mama mkwe. Mama Taaka alikuwa jikoni akichambua mboga. Hakuinua uso.

"Usimwambie."

"Mama, ataniuliza jioni."

"Utamwambia ipo." Akaweka mboga chini. "Mwanangu, wewe hukumjua ndugu yake. Ng'ombe wake walikufa wote kwa ugonjwa, akaingia ndani, akageuza uso ukutani. Hakuwa mgonjwa. Uji nilimpikia mimi mwenyewe, akakataa. Tulimzika kabla ya mavuno. Hawa watu wa nyumba hii hawafi kwa ugonjwa. Unanisikia?"

Nilisikia. Sitaki mumhukumu Mama Taaka. Alikuwa amelala karibu na mtu yule maisha yake yote, na mimi nilimjua kupitia kwa mbwa tu. Alikuwa akipigania uhai wa mume wake kwa silaha aliyokuwa nayo. Hata leo sijui kama mimi ningechagua tofauti.

Basi jioni ile nikamwambia Simba ipo. Na jioni iliyofuata. Mzee akauliza mbona upepo hauleti ile harufu. Mama Taaka akajibu kwamba upepo umegeuka kwa sababu ya mvua. Akauliza mbona anasikia vyura upande ule, Ziwa Dogo halijawahi kuwa na vyura. Mama Taaka akasema ni vyura wa shambani. Kisha siku moja Mzee akasema, "Simba, mwambie mke wa Wandera aniletee jiwe moja, dogo, kutoka majini. Nataka kulionja tu, halafu alirudishe."

Nilisimama pale na karai mkononi. Mama Taaka akaniita jikoni.

Pale tanurini palikuwa na mawe ya zamani ambayo hayakuchomwa. Akaniambia nichague moja la mviringo, nilioshe. Juu ya mafiga alikuwa na chungu cha mrenda, ile mboga yetu inayoteleza, iliyopikwa kwa munyu, chumvi ya majivu. Akaliweka jiwe ndani ya chungu. Akaligeuza kwa mwiko kama mtu anayepika yai. Kisha akalitoa, akalipuliza, akaliviringisha kwenye jani la mgomba, akatazama kazi yake, na akaanza kulia, na akiwa analia akacheka, na mimi nikacheka, tukaziba midomo kwa leso.

Nililiweka chini mbele ya Mzee, nikarudi nyuma kama desturi inavyotaka. Akalitafuta kwa vidole. Akalipapasa. Kidole chake kilipita juu ya ute ule polepole, kikazunguka jiwe lote. Akakiweka ulimini. Akakaa na kile kidole mdomoni muda ambao kwangu ulikuwa mrefu.

"Simba," akasema, "mwambie nimeshukuru."

Hakusema lirudishwe. Alilala nalo kando ya kitanda, na alfajiri Mama Taaka alilikuta limefunikwa na sisimizi. Akawafagia kabla mumewe hajaamka. Sijawahi kusikia popote sisimizi wakila jiwe.

Baada ya hapo hakuuliza tena juu ya ngozi. Sisi wanawake tukaambiana kwamba ametulia. Ninyi mlio wepesi wa kuelewa labda mmeshaona ambacho sisi hatukukiona.

Mzee alifariki mwaka uliofuata, kiangazi, usingizini. Hakugeuza uso ukutani. Kaburi lake nililipaka mwenyewe chokaa ya mwisho ya Ziwa Dogo, na hakukuwa na nyingine baada yake. Niliacha kazi, nikauza samaki, kisha nguo za mitumba, lakini nikiulizwa nilikuwa nani, nasema nilikuwa mchoma chokaa. Mawe yako chini ya maji mpaka leo, naamini hivyo, na maji mwaka huu yanazidi kuwa juu yake. Mistari yake imekoma mahali pamoja. Mkija kulipasua moja siku moja, mstari wa mwisho kabisa, ule wa nje, mtauona umejaa tope. Hapo ndipo nilipokuwa.

Lakini nilitaka kumalizia na jioni moja, kabla ya kifo chake, miezi michache baada ya jiwe la mrenda. Wandera alirudi safari. Hakujua lolote, hakuna aliyemwambia. Lori lilikuwa limemweka Kampala muda mrefu. Alipumzika, akashuka ziwani kunyoosha miguu, akarudi na ngege wanne wamechomekwa kwenye ujiti, anapiga kelele tangu njiani.

"Baba! Leo tunakula! Nimewavua hapa hapa chini, Ziwa Dogo, kwa mikono!"

Mama Taaka alisimama mlangoni mwa jikoni na unga kwenye viganja. Mimi nilitazama chini. Hakuna aliyesogea isipokuwa Simba, aliyekuwa mzee sasa, aliyekuja kunusa samaki.

"Ziwa Dogo," Mzee akasema.

"Hapo chini, Baba. Wamejaa. Mbona hamkuniambia kuna samaki?"

Alikaa, mikono juu ya magoti. Wandera akaniletea wale samaki, akaona uso wangu, akaenda kukaa na baba yake.

Niliwapasua nyuma ya jiko. Ngege ni samaki wa kula majani, hilo wavuvi wanalijua, lakini mimi nilikuwa sijawahi kumpasua wa pale. Matumbo yao yalikuwa yamejaa uji wa kijani, na ndani ya kijani ile palikuwa na chembe nyeupe, laini, zinazokwaruza kidogo kati ya vidole. Nikanusa. Ilikuwa harufu ile. Kumbe ngozi ilikuwa imebaki kidogo mahali fulani, kwenye jiwe fulani ambalo sikulifikia, na samaki walikuwa wamelifikia. Nikamwonyesha Mama Taaka. Akatazama muda.

"Ifukie," akasema.

Nikachimba nyuma ya tanuri, nikaifukia. Kisha tukapika.

Wanaume walikula nje ya nyumba kubwa, sisi tukiwa jikoni mlango wazi. Mama Taaka alipeleka sahani, akaweka kichwa cha samaki mkubwa mbele ya mume wake, kama ilivyo haki ya mwenye mji, akarudi, akakaa karibu nami, akanishika mkono. Tulikuwa tunasikiliza kama atakula.

Kisha tukasikia mfupa ukivunjika.

"Simba," Mzee akasema, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, "mwambie mke wa Wandera: mrenda wa lile jiwe ulizidi munyu. Kwa samaki huyu munyu ameupatia."

Mama Taaka aliuachia mkono wangu, akajifunika uso kwa leso. Nami nikamjibu mbwa, kwa sababu nani mwingine ningemjibu, "Simba, mwambie Mzee nimesikia."

Jioni ile tulikula ngege wa Ziwa Dogo waliochemshwa kwa nyanya, na ugali wa mtama na muhogo. Mzee alikimaliza kichwa chote, akaomba ugali tena, na mifupa akampa Simba.